Upande wa Kushoto

Tarehe 6 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi ya kutunza wazee inakwenda. Sisi huku tupo, ila mimi ni mzima wa jina tu. Mgongo ule ule. Nilikuwa karakanani napiga randa mlango wa kabati, nikainama kuokota skrubu, sikuinuka. Fundi mwenzangu akanibeba hadi nyumbani kama ubao. Sindano nimechomwa, dawa za kuchua nimepakwa hadi mke wangu ananikwepa kwa harufu. Daktari kaangalia picha, anasema hakuna kilichovunjika, nipumzike. Nimepumzika mpaka nakaribia kuota ukungu. Binti yangu akinikimbilia nampigia kelele asinirukie. Siku hizi hanikimbilii.

Mdogo wako,
seremala asiye na kazi

Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima raha. Hapa kazini huja mama mmoja kuwafundisha wazee kujongea, nikamweleza habari zako. Hataki mtu ajinyooshe hadi viungo vilie. Anasema ulale chali sakafuni, juu ya blanketi, ukunje magoti, nyayo zikanyage chini. Usifanye kitu. Sikia wapi mgongo umegusa sakafu na wapi umeinuka. Kisha upeleke magoti upande kidogo sana, kama vile hutaki mtu aone, uyarudishe. Maumivu yasikukute njiani. Ishia kabla yake. Kuna bibi hapa alikuwa hageuki kitandani bila kulia. Hajapona, lakini sasa anageuka. Jaribu, tafadhali. Msalimie wifi yangu, na binti umbusu.

Dada yako

Tarehe 17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekulilia mgongo, umenitumia mchezo wa watoto wachanga. Mimi niliyezoea kubeba mbao begani, nitikise magoti kwa siri! Haya, nimejaribu. Yalipogoma nikayalazimisha yafike chini, nikaamka vibaya kuliko nilivyolala. Wifi yako akacheka. Nikamtupia kikombe. Hakikumpata, lakini binti alikuwa amesimama mlangoni, akaona. Wamekwenda kwa mama mkwe.

Nikuambie kweli, dada, nimechoka. Si mgongo tu. Nimechoka kuwapo. Usiniandikie tena habari za sakafu.

Mdogo wako

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Simu yako imezimwa. Nimempata fundi mwenzako, nimemwomba ahamie hapo kwako na asiondoke hata ukimfukuza. Nimeomba ruhusa nije, wamenikatalia. Leo nilimwogesha mzee mmoja, nikamsugua bega lile lile mara tatu hadi akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Usinifanye mwongo. Sikuandikii sakafu, nakuandikia unijibu. Hata neno moja. Hata tusi.

Dada yako

Tarehe 25 Mei

Mdogo wangu,

Sijapata kitu. Fundi anasema unakula kidogo na husemi. Mimi nipo. Andika.

Dada yako

Tarehe 8 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Fundi alihamia kweli. Nilimfukuza, akasema, "Dada yako ananitisha kuliko wewe," akatandika godoro lake na kuanza kukoroma.

Asubuhi moja alipokuwa kazini nilianguka nikitoka bafuni. Nikabaki chali nalia. Kilio kilipoisha nikajisikia nilivyo: upande wa kushoto umekakamaa, meno nimeyauma, pumzi nimeizuia, kama mtu anayesubiri kupigwa. Na hapakuwa na wa kunipiga. Nikaachia taya. Nikasogeza magoti kidogo, safari hii kidogo kweli. Nikageukia ubavu, nikainuka bila kupiga yowe.

Usifurahi sana. Nafanya kila siku, na maumivu yapo. Kuna siku yananirudisha kitandani, na yale mawazo yanakuja kukaa nami. Siku hizo namwambia fundi, naye haendi kazini. Nikipata nafuu napiga msasa vitu vidogo nimekaa. Kubeba mbao nadhani basi tena.

Jana nilikwenda kwa mama mkwe, kwa miguu, polepole. Wifi yako hakunikaribisha ndani. Alinitolea kigoda nje. Nikamwambia, "Kile kikombe hakikutupwa na mgongo. Nilikitupa mimi."

Akasema, "Najua. Ndiyo maana niliondoka."

Binti alichungulia nyuma ya gauni la mama yake. Nilimnyooshea mkono, hakuja. Sikumwita mara ya pili. Amekua, dada. Jino la mbele limeng'oka na mimi sikuwapo.

Sikumuuliza wifi yako kama watarudi. Niliogopa jibu. Njiani nilitembea nikiitafuta hofu ile mwilini mpaka nikaipata: chini ya mbavu, upande wa kushoto, ngumu kama fundo la mti. Sikuisukuma. Nimefika nayo nyumbani, nimelala nayo sakafuni, na sasa nakuandikia, bado ipo.

Mdogo wako