Chujio Lako Halijatobolewa, Baba

Baba,

Nianze na habari unayoitaka wewe, salamu za watu zitafuata: halijatobolewa. Lipo palepale ulipoliacha, chini ya tumbo la gari, zima, na kila aliyekuja na msumeno wa chuma ameondoka na msumeno wake.

Najua hapo ungecheka, kisha kicheko kingegeuka kikohozi, na Mama angekuletea maji ya moto huku akinung'unika kwamba hata kucheka hujui kucheka taratibu. Maji ya moto bado anachemsha. Anayamimina kwenye kikombe chako, anakumbuka, anayanywa mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa barazani Bwera, kwenye kiti chako. Mdogo wako alikikalia siku tuliyotoka kaburini, akanyoosha miguu kama mwenye nyumba. Nilimletea kiti cha plastiki nikasimama mbele yake mpaka akahama. Mniite mtoto asiye na adabu, wewe na yeye. Kiti ni chako.

Watu wananiuliza hilo chujio ni kitu gani hasa mpaka tugombane msibani. Nawajibu ulivyonijibu mimi uliponifundisha kuendesha. Gari la dizeli likipumua linatoa masizi. Chujio linayakamata kabla hayajafika nje. Yakizidi, lazima yaungue humohumo ndani kwa joto, na joto hilo hulipati kwa kwenda soko la Mpondwe na kurudi. Linataka barabara ndefu na mguu usiotetereka kwenye mafuta. Ndiyo maana kila Jumamosi ulilitoa gari Bwera ukalipeleka Kasese, hata kama Kasese huna shughuli. Mama aliziita safari za wazimu. Wewe ulisema gari linakwenda kuungama.

Na dawa ya mafundi wa huku unaijua. Taa ya manjano mbele ya usukani ikiwaka tu, wanakata bomba, wanatoboa chujio, wanatoa vyote vya ndani, kisha wanachomelea ganda tupu lirudi mahali pake. Gari linavuta kama ndama aliyefunguliwa kamba, na nyuma linaacha moshi mweusi unaokaa barabarani mpaka mwenye gari afike kwake. Ulikataa kila mara. Ulisema, "Mimi nilimeza vumbi la chokaa. Linatosha ukoo mzima."

Nakumbuka ulivyorudi kutoka kwenye ile mashine ya kusaga chokaa, nyusi nyeupe, kope nyeupe, mimi nikidhani baba wote wa watu hurudi nyumbani wakiwa weupe. Tajiri mwenye mashine alifunga akaondoka zamani, hakuna anayejua aliko. Vumbi lake ndilo lililobaki, nalo lilibaki kifuani mwako. Mama alikushonea hanchifu nyeupe ili aone unachokohoa, na wewe ulizikunja haraka ili asione. Baba, alikuwa anaona. Ndiye aliyekuwa akizifua.

Nakumbuka pia asubuhi za shule. Watoto wa kanisani uliokuwa ukiwapandisha mlimani walipenda kujipanga nyuma ya gari, wakisukumana, midomo yao sawasawa na bomba la moshi. Uliwafukuza, wakarudi, ukawafukuza, wakarudi. Mwisho ulichukua hanchifu safi, ukaisokomeza ndani ya bomba, ukaizungusha, ukaitoa. Nyeupe. Ukawaambia basi sawa, simameni mnapotaka. Siku hiyo nilielewa kwamba lile chujio hukulitunza kwa ajili ya gari.

Sasa nikwambie kilicholijaza. Ni msiba wako.

Usinikasirikie, nasema ukweli. Umeme ulikatika siku tuliyokuleta kutoka hospitali, na watu wa kwaya walitaka spika. Wakaunganisha spika kwenye gari lako. Wenye simu wakaleta waya zao, wakaunganisha na wao. Injini ikaachwa inanguruma palepale chini ya turubai, siku baada ya siku, bila kwenda popote, wakati wewe hukuruhusu hata mtu aliache linanguruma akisalimiana na jirani. Likiondoka hapo, ni kwa sababu mtu amelichukua kuleta viti, au maji, au jamaa aliyekwama kwenye kituo. Safari fupifupi, zote za mwendo wa jongoo. Na dizeli ilipoisha, mtu akamimina ya jerikeni kutoka ng'ambo ya mpaka, ile uliyosema hata taa ya kibatari ingeitapika.

Nilisema. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu. Baba Mdogo akauliza ni mtoto wa namna gani anayemnyima baba yake mafuta ya kulilia. Watu wakaguna. Nilikuwa nimelia mpaka sina sauti ya kusema mara ya pili. Lakini nilikuwa na haki, na wewe unajua.

Wageni walipopungua, taa ya manjano ikawaka na ikakataa kuzima. Gari likakosa pumzi kwenye mlima wa kanisa, watoto wakashuka wakatembea. Baba Mdogo hakuniuliza. Alimleta fundi Muhindo, yule wa karibu na mpaka, na Muhindo akaja na msumeno na mashine ya kuchomelea.

Muhindo si mtu mbaya, Baba. Alivua kofia kwanza, akanipa pole, akasema ulikuwa mutu ya busara. Kisha akainama akapiga bomba kwa kidole. "Ii kitu ikomejaa," akasema. "Batu bote huku banatoboa, dada. Tunakata, tunatosha ya ndani, tunachomelea. Hakuna mutu atajua."

Nikamwambia mimi nitajua. Kisha nikafanya jambo ambalo shangazi zangu watalisimulia mpaka kaburini kwao. Nilivua viatu, nikajilaza chini, nikajiburuta mpaka chini ya gari na gauni langu la msiba, nikalala chali huku pua yangu karibu iguse chujio lako. Nikasema anayetaka kukata aanze na mimi. Kule chini kulikuwa na harufu ya oili na vumbi na majani ya migomba yaliyobaki kwenye turubai, na nilijisikia vizuri kuliko siku zote tangu ufe. Nilikaa. Niliona viatu vya Baba Mdogo vikienda na kurudi. Niliona magoti ya Muhindo yakishuka, kisha uso wake.

Akaniambia polepole, kana kwamba hataki bosi wake wa siku hiyo asikie: taa bado ni ya manjano, haijawa nyekundu. Nikitoa mafuta ya jerikeni, nikaweka mazuri, nikalipeleka barabara ndefu leo, siyo kesho, huenda likajisafisha. Akachukua vyombo vyake akaondoka.

Hapo ndipo mdogo wako alipotoa mila. Alisema gari la marehemu haliwezi kuvuka mto mpaka matanga yaondolewe. Kwenda sokoni, sawa. Kubeba viti, sawa. Lakini kuvuka Nyamugasani ni kuvuka na roho ya mwenye gari, na ataipeleka wapi mtoto wa kike. Nikatoka chini ya gari nikiwa mweusi mgongo mzima. Nilimuuliza kama roho yako inaogopa maji, kwa nini haikuogopa spika. Wazee wakainamisha vichwa. Nadhani wawili walikuwa wanacheka, lakini hakuna aliyekuwa upande wangu. Bila kuvuka Nyamugasani hakuna Kasese, na bila Kasese hakuna chujio. Baba Mdogo alilijua hilo vizuri.

Ndipo Mama aliposimama.

Alikuwa kwenye mkeka, mahali mjane anapokaa, mahali asipotakiwa kutoka ila kwa haja. Alisimama, akajifunga kitambaa chake cheusi, akapita katikati ya wanaume, akafungua mlango wa mbele akakaa. Baba Mdogo akaita, "Mama wa watoto, unaenda wapi? Mto!"

Mama akashusha kioo. "Ule mto ni ya kwetu sisi Bakonzo," akasema. "Nilioga humo kabla nijue kwamba nyinyi mko duniani. Inanijua. Twende, mwanangu."

Tukaenda. Kituoni tulitoa ile dizeli ya jerikeni. Tukajaza nzuri, tukavuka Nyamugasani, na Mama akautazama mto kama anavyotazama jirani aliyemzoea, akaendelea na lake. Gari lilikuwa zito, linakohoa. Nisamehe neno hilo, lakini ndilo.

Tulipofika tambarare ya hifadhi ya wanyama baada ya Kikorongo, pale barabara inaponyooka, nilifanya ulivyonifundisha. Gia ya chini kidogo kuliko inavyotaka roho. Mguu mmoja, mwendo mmoja, usiongeze, usipunguze, na likianza, usizime. Nikasubiri. Kisha injini ikabadilisha sauti, ikawa nzito kidogo, na ile harufu ya chuma cha moto ikaingia dirishani. Lilikuwa limeanza kuungua. Nikalia kwa furaha kama mjinga.

Na hapohapo tembo wakatoka.

Ukoo mzima, Baba, na vitoto vyao, wakatembea katikati ya lami kama waliolipia barabara. Sheria ya huku ni moja: simama, zima, nyamaza. Nikasimama. Mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo. Mama akaushika.

"Usizime," akasema. "Wacha wao ndio wangoje."

Nikaacha injini ingurume, mguu umegusa mafuta kidogo tu, na yule jike mkubwa akageuka akatutazama, masikio wazi. Mama naye akamtazama. Sijui waliambiana nini wale wawili. Mama akaanza kuvuma ule wimbo wako wa Jumamosi, ule uliokuwa ukiuharibu, akauharibu vilevile ulivyokuwa ukiuharibu wewe, na nikajua kwamba miaka yote alipokuwa akilalamika alikuwa pia akisikiliza. Tembo akapiga mkia, akavuka. Tukaendelea. Kabla ya kuingia Kasese mjini, taa ya manjano ikazima.

Tulikunywa chai pale unapopapenda. Mama akaagiza mbili kwanza, kisha akasema waongeze ya tatu, akaiweka mahali pako ikapoa.

Sasa sikia la mwisho. Juzi tumeondoa matanga. Ndugu zako walifika, wakaanza kugawa. Koti, redio, panga. Baba Mdogo akasema gari linakwenda na mwanaume, ndivyo ilivyo, na mimi nikaona macho ya watu yote yakinielekea kunisubiri nijilaze tena chini. Sikujilaza. Mama alimuuliza swali moja tu, kwa upole: Jumamosi utalipeleka Kasese? Akajibu kwamba hana dizeli ya kuchezea, atamwita Muhindo, mambo yaishe.

Mama akaingia ndani. Alirudi na hanchifu zako mbili. Moja alikuwa hajaifua. Ile ya hospitali, Baba. Akaiweka kwenye meza mbele ya shemeji yake, imekunjuka. Nyingine safi akanipa mimi, na nilijua. Nilikwenda nyuma ya gari, nikaisokomeza ndani ya bomba, nikaizungusha, nikaitoa, nikailaza kando ya ile ya kwanza.

Watu walizitazama. Ile chafu ilikuwa yako. Ile nyeupe ilikuwa ya gari.

"Nimezika mapafu mara moja," Mama akasema. "Sitazika tena." Akachukua ufunguo mezani akanipa. Hakuna aliyenyoosha mkono, hata Baba Mdogo. Alikuwa anatazama hanchifu yako, na nadhani, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, alikuwa anakulilia wewe, siyo vitu vyako. Nilimpa redio. Anaipenda kuliko sisi sote.

Usidhani Bwera imebadilika. Magari bado yanapanda mlima yakitapika moshi, na Muhindo bado anakata, kila wiki, na kila mtu anaona sawa. Sijabadilisha dunia. Nimekataa kwa gari moja, na nitaendelea kukataa.

Ulinifundisha pia kwamba masizi huungua lakini majivu hayaungui. Yanabaki humo, kidogo kidogo, na siku moja barabara haitatosha, itabidi chujio lifunguliwe, lioshwe, lirudishwe. Siku hiyo nitasimama pale hata wanifukuze, mpaka lirudi zima mahali pake. Sitatoboa. Nakuahidi hivyo, na ukiwa huniamini, waulize watoto wa kanisani. Bado wanasimama nyuma ya gari wakisukumana, na mimi nawaacha.

Lala vizuri, Baba. Pumua huko uliko, pumua sana, hakuna vumbi.

Ningeandika zaidi, lakini leo ni Jumamosi na Mama ameshakaa garini. Anapiga honi. Nisipotoka sasa ataliendesha mwenyewe, na gia hazijui.

Mwanao,
wa kwenye kiti chako.