Umuganda wa Kwenye Ruta

Nyokabi rafiki yangu, siombi radhi! Siombi!

Tunarusha mkutano mbashara kutoka hapa Nyarutarama kwenda matawi yote, na tawi la Gahanga wanaona giza. Bosi Ganza ananiambia mbele ya wageni: "Akoth, waombe radhi watu wa Gahanga." Mimi?!

Nikawaonyesha kwenye skrini: video inafika mpakani mwa mtandao wetu na wa Gahanga, inafia pale. Nikampigia Hirwa, fundi wao, nikaweka spika.

"Jumamosi baada ya umuganda, ule usafi wa pamoja wa mtaa, tulifanya usafi wa ruta pia, mitambo inayoelekeza data. Tukafuta njia zisizotumika."

Zisizotumika! Mkutano ni mara moja kwa mwezi, ulitaka njia yake itumike lini?

Chumba kizima kimesikia. Ganza bado: "Omba tu, yaishe."

Hirwa ameirudisha njia, Gahanga wanaona vizuri. Wanaona hata mimi nimekunja mikono, radhi siombi.