Betri Mbili kwenye Boti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 2013

Nimechota maji, nimefua, nimepika. Mwanangu Atupele anaota jino, hanyonyi, anang'ata tu. Nimemkaripia, kisha nikalia mimi. Uchovu.

Mume wangu Ambakisye karudi ziwani jua limeshapanda. Taa na pampu ya kutolea maji vimekula betri yote, injini ikagoma. Injini ya mtumba, haina kamba ya kuvuta. Betri ikifa, nayo imekufa. Wamepiga kasia, yeye na baba yake, mpaka mwaloni, boti zinapoegeshwa. Alinisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Upepo wa Rukwa mwezi huu hauna utani.

Jumatano, 7 Agosti

Baba mkwe katoka Tunduma na betri ya pili. Nilifurahi, mpaka Amba aliponieleza walivyoifunga: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, mpya na ile kongwe pamoja. Mzee kasema, "Ndugu wawili hula sahani moja."

Hapana. Nimekulia Mpemba, jirani na Tunduma, kwenye kibanda cha kaka yangu cha kuchaji betri. Kongwe itainyonya mpya, na taa zitazimaliza zote. Betri ya injini ikae peke yake, taa zisiiguse.

Nimemwambia Amba. "Kamwambie mzee wewe," kanijibu, na anajua siwezi. Kwetu Wandali mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, hamtazami usoni, wala hakanyagi anapokalia. Nikisikia kikohozi chake tu najibanza nyuma ya jiko.

Nimekasirika. Na Amba, na mila, na nafsi yangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Hawajarudi. Upepo tangu alfajiri. Mama mkwe kasimama mwaloni.

Jioni. Wamefika. Upepo uliwatupa kwenye matete, penye mamba. Betri zote mbili zimekufa. Viganja vya Amba vimechunika. Nimemwosha kwa maji ya chumvi. Sikusema "nilikwambia". Nilitamani sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimefanya jambo. Baba mkwe alikuwa upande wa pili wa ua wa mabua, anashona wavu. Nikampakata Atu, nikaongea naye kwa sauti ya kumfikia jirani.

"Atu, mwambie babu, betri zile zikikaa pamoja zitakufa pamoja. Mwambie mama yako anajua kuzitenganisha. Mwambie humo botini wewe una baba."

Kisha kikohozi.

"Atu, mjukuu wangu, huyo mama yako alizaliwa na spika mdomoni?"

Nikang'ata kanga nisicheke. Akaongeza: "Haya, akutajie vifaa anavyotaka. Babu anasikia."

Nikamtajia Atu, naye anaing'ang'ania hereni yangu: swichi ya kuchagua betri, fyuzi, waya mnene, grisi.

Jumatatu, 12 Agosti

Vifaa vimekuja. Nimesimama ukingoni, namwelekeza Amba kwa mdomo. Kafunga kinyume, cheche zikaruka, akatupa koleo. Ikabidi nipande mwenyewe. Mama mkwe akanishika mkono: "Mama Atu, humo hapana. Humo mzee anakalia."

Nikabaki kwenye tope na koleo langu. Nilitaka kulia kwa hasira.

Kikohozi. Nikageuza uso haraka. Nikasikia misumari inang'olewa. Nilipotazama tena, mzee alikuwa anapanda njia ya nyumbani, ubao wake wa kukalia begani. Botini hamna kiti chake tena.

Mama mkwe akauachia mkono wangu.

Nikapanda, mtoto mgongoni. Hasi nikaziunganisha. Chanya, kila moja na njia yake mpaka kwenye swichi. Taa na pampu zinakula kongwe. Mpya ni ya injini tu. Kila waya wa chanya na fyuzi yake karibu na betri. Grisi kwenye vichwa vya betri. Nikazifunga kwenye sanduku kwa mpira wa tyubu zisicheze. Amba nimemrudisha darasani: "Mkitega nyavu, swichi unaigeuza wapi?" Kakosea. Nikamuuliza tena. Na tena. Kaninunia, lakini anajua.



Jumatano, 14 Agosti

Wameondoka mchana. Sikumwambia neno la kumtia hofu. Nimemfunga vitambaa viganjani, nikakaza.

Alhamisi, 15 Agosti

Upepo umeamka kabla yangu. Mabati ya jirani yanapiga kelele. Nimefagia uani mara mbili, palipokuwa safi.

Kisha injini. Mbali sana, nikadhani ni masikio yangu. Ikapotea, ikarudi. Ikawa inakuja.

Mama mkwe katoka mbio kwenda mwaloni. Mimi nimekaa chini hapa hapa. Atu kalala. Chai yangu imepoa. Nimeinywa yote.