Kiatu Ndani ya Pipa

Renell, acha kila kitu usome hapa.

Leo nilikuwa nazungusha watalii kama kawaida. Tulipofika nyumba ya madirisha ya kijani nikawamwagia ile hadithi yako, ya bibi harusi aliyetoweka, kiatu chake kimoja kikabaki ndani ya pipa la maji ya mvua. Wakapiga picha, wakaondoka.

Mzee mmoja akabaki.

"Binti, nani kakupa hadithi hii?"

"Ya kutunga tu, mzee wangu. Kazi yetu ndiyo hiyo."

"Dada yangu alitoweka nyumba hii, 1968. Kile kiatu nilikiona mimi pipani, nikakificha. New Orleans nzima sijamwambia mtu. Hata polisi."

Hata polisi, Renell! Pipani!

Akauliza tena, taratibu, nani kanipa. Nikakutaja, jina na ukoo.

Akafumba macho. "Mjukuu wa mpaka rangi," akasema. "Wiki ile dada alipotoweka, babu yake alikuwa anapaka madirisha yetu."

Renell, uliniapia kwamba umeitunga mwenyewe.

Naona tiki za bluu. Umeshasoma. Mbona hujibu?