Kalamu Nyekundu ya Sista

Kasese, Jumapili baada ya misa

Shangazi Esperance wa Bwera,

Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanauma kwa rozari. Vitenge vyako vinauzika? Na kuku wangu yupo, au mlimla Pasaka?

Uliniuliza kama nimepata mtu. Nimepata. Ametoka Beni. Mwezi uliopita tulikuwa tunafagia uwanja wa shule, mawingu yakafunguka, theluji ikaonekana mlimani, juu ya Kilembe. Akaangusha fagio. "Nani alimwaga chumvi kule juu?" Wote walitazama mlima, mimi nikamtazama yeye. Shangazi, nilijihisi kama siku ya komunyo ya kwanza.

Kisha Sista anayetufundisha akatupatia insha ya Kiingereza, juu ya mtu ungependa kuishi naye maisha yote. Niliandika kweli tupu, "she" mara saba. Sista akacheka mbele ya darasa: "Ninyi watu wa Bwera, he na she zinawashinda kabisa!" Akazikata zote kwa kalamu nyekundu, akaandika "he", akanipa alama nzuri. Mpaka leo nashangaa. Mungu alinificha ndani ya kosa ambalo sikulifanya.

Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja tu, kwa hiyo hata hapa ningeweza kujificha. Lakini wewe ndiye uliyenilea. Usimsomee Baba.

Anaitwa Kavira. Unajua jina hilo halipewi mvulana. Nakuomba, Shangazi, usilisahihishe.

Mtoto wako,
Sylivia