Mbuzi ya Rangi Moja

Jumamosi, Likasi. Mvua ya asubuhi imekwisha, jua la jioni limetoka, na minye niko na furaha ya muntu mwenye alishinda.

Kusoma mbio, mu mtaa wetu wote wa Shituru hakuna wa kunifikia. Gazeti naimaliza maji ya chai hayajachemka. Siku moja treni ilipita ikikimbia, nikasoma maandishi ya mabehewa yote, hata ya upande ule mwingine.

Lakini mbio ilishaniaibisha.

Mwaka jana, tulipopeleka mahari ya mtoto wa kwanza wa dada yangu, liste ya wakwe, ile ya vitu wanavyodai, niliisoma kama gazeti. Nikaruka taa ya nyanya wa binti. Wakatuacha inje mu mvua mpaka taa ikapatikana sokoni. Tangu siku ile dada ananiita Bwana Mbio.

Kwa mahari ya Ilunga, mtoto wake wa mwisho, alitaka liste asome muntu mwingine. Nilimwomba sana. Mjomba asiyesoma liste ya mpwa wake ni mgeni wa kula tu.

Safari hii nilisoma siku tatu, na kijiti cha kiberiti chini ya kila neno. Dada alishanunua mbuzi, mweusi, mguu mmoja mweupe. Wote walisoma "mbuzi dume", wakaenda mbele. Kijiti changu kikasimama: "wa rangi moja".

Nikamfunga mbuzi ku baiskeli mpaka ziwa Tshangalele, kwa mvuvi ninayemjua, tukabadilishana: akanipa mweusi mtupu. Kwenye kilima, nisidanganye, mbuzi ndiye alinisukuma.

Leo shangazi wa binti amemzunguka mbuzi wetu mweusi. Akainua mguu mmoja mmoja. Akafunua hata masikio. Ilunga jasho linamtoka.

"Mujomba, hii liste alikusomea nani?"

"Ni minye mwenyewe, mama. Na kijiti."

Akacheka, akapiga vigelegele. Binti ni wetu.

Jioni hii dada amekuja kwangu na karatasi ya dawa zake za presha, ile ya daktari. Hakuniita Bwana Mbio; aliniita yaya, kaka mkubwa.

"Unisomee, yaya. Polepole."

Gazeti ya leo iko mezani, haijafunguliwa. Hiyo kesho nitaikimbiza, na maji ya chai yatanikuta nimemaliza.

Sasa kijiti changu kiko wapi?