Paa la Soko na Jina la Shangazi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Soko.
Jumatano, 12 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko ugenini? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi. Cherehani yangu nayo imepata mkanda mpya, sasa haipigi kelele.

Najua unachosubiri: kesi ya Shangazi. Ulipiga simu ukamwomba aondoe jina lake, na mimi ukaniambia nimsukume. Nilikwenda mahakamani kwa nia hiyohiyo. Lakini unanijua, hamkuniita Kiherehere bure. Nilitaka kwanza nione kunafanyika nini.

Nilidhani kesi ya ufisadi ni mtu kutiwa pingu. Kumbe wale vijana wa kikundi cha Jicho la Mtaa hawakuomba mtu afungwe! Waliiomba mahakama iiamuru halmashauri ieleze hadharani paa la soko liko wapi, maana lilitangazwa kuwa limekwisha, utepe ukakatwa, na upande wa mboga watu bado wananyeshewa. Wanataka mkataba uwekwe wazi na paa lijengwe.

Nikamuuliza wakili wao, dada mmoja mwembamba mwenye sauti nzito: kwani nyinyi hamtoshi, Shangazi wa nini? Akacheka. Akasema upande wa pili wameshamwambia jaji kwamba kikundi hakiuzi hata nyanya moja mle sokoni, hayawahusu. Kwa hiyo lazima awepo mtu anayeumia yeye mwenyewe. Mwanzoni walikuwepo wauza mboga wengi. Vitisho vilipoanza, mmoja mmoja akajitoa, akabaki Shangazi. Akitoka yeye, kesi imekufa.

Halmashauri wakashikilia kwamba paa lipo tangu mwaka jana. Wakaleta na picha. Picha nzuri hasa, ila hakuna aliyejua ni ya soko gani! Jaji akasema atakuja kuona kwa macho yake, akataja siku.

Weee! Sasa sikia. Asubuhi ya siku hiyo nafungua mlango, nasikia nyundo: ko, ko, ko. Mafundi wako juu wanaezeka mbiombio, wamalize kabla jaji hajafika. Haraka haraka haina baraka, jaji alifika mapema. Akasimama chini, akatazama juu, akamuuliza fundi anafanya nini. Maskini fundi wa watu, hakuna aliyekuwa amemfundisha la kusema. Akajibu, "Naezeka, mheshimiwa. Tumeanza alfajiri."

Wakili wa halmashauri akadakia kwamba huo ni ukarabati. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, unakarabati hewa?" Soko zima likaangua kicheko. Jaji akajikohoza, akageukia pembeni. Nilicheka mpaka machozi, natamani ungekuwepo.

Kicheko hakikudumu. Mafundi walishuka siku hiyohiyo, hawakurudi tena. Wiki iliyopita Shangazi alikuta kufuli geni kwenye kibanda chake. Hakuna barua, hakuna maelezo. Akahamia barazani kwangu na ndoo zake za nyanya. Juzi nilimkuta amekaa tu, mikono mapajani, wateja wanapita naye hawaiti. Shangazi yule yule aliyekuwa akiita wateja mpaka wa duka la jirani! Akaniambia amechoka, anakwenda kuondoa jina.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia ulivyonituma, kwamba afanye hivyo upesi. Sikumwambia, nikarudi kwenye cherehani. Nilikasirika, Kaka, mpaka nikashindwa kutunga uzi. Na niliogopa pia, sikufichi.

Jana nikaenda kwa wakili. Nikamuuliza: huyo anayeumia, ni lazima awe muuza mboga? Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamweleza kwamba maji ya upande ule usio na paa huingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja wangu, na ushuru wa soko nalipa kama wengine. Akanivutia kiti.

Basi Shangazi atapumzika. Jina lake limetoka, langu limeingia, na kesi inaendelea. Nimetaka ulisikie kwangu mwenyewe. Usimlaumu Mama, aliambiwa nilipokwisha kutia saini. Akaniwekea chakula.

Mama anakusalimu. Shangazi anakusalimu sana na anasema unywe maji moto kwa ajili ya kifua. Nisalimie wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Najua utakasirika, na utapiga simu. Piga, nitapokea. Nigombeze utakavyo. Ila usiniombe nijitoe, Kaka, maana nyuma yangu hakuna mwingine.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,
Kiherehere